Naomba ushauri: kudai gharama za wakili baada ya kuishinda serikali katika kesi ya kodi (Marekani)

Ndugu wanachama, habari zenu. Mama yangu mdogo, mwenye duka la vyakula hapa Marekani, ameshinda shauri lake katika Mahakama ya Kodi, lakini ada ya wakili imemaliza karibu akiba yake yote, jambo linaloniuma kwa sababu kodi aliyodaiwa hakustahili kuilipa tangu mwanzo. Kifungu cha 7430 cha sheria ya kodi kinamruhusu mshindi ambaye mali yake, baada ya kutoa madeni, haizidi dola milioni 2 kudai gharama zinazostahili, mradi awe alimaliza kwanza ngazi za rufaa ndani ya idara ya kodi yenyewe. Hata hivyo, serikali huepuka kulipa ikithibitisha kwamba msimamo wake ulikuwa na msingi wa kutosha. Hapo ndipo penye hofu yangu. Stakabadhi zote za duka maafisa wa idara hiyo walikabidhiwa kabla shauri halijafunguliwa, wala hawakuzishughulikia. Je, nakala za barua tulizoambatanisha nazo zinatosha kuonyesha kwamba msimamo huo haukuwa na msingi? Na kwa kuwa wakili alitoza zaidi ya kiwango cha malipo kwa saa kilichowekwa kisheria, kuna aliyewahi kurejeshewa tofauti hiyo? Maombi yanatakiwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi wa maandishi utolewe, hivyo nitashukuru kujibiwa mapema.