Radi ikianza tukiwa mashimo ya mbali ya uwanja wa gofu, tukimbilie wapi?

Swali
Wadau, Jumamosi tulikuwa watatu shimo la 13, mbali kabisa na jengo la klabu. Ngurumo zikaanza, mvua bado. Tukasema tumalizie shimo kwanza. Mvua iliposhuka tukajibanza chini ya mti mkubwa, mifuko ya fimbo miguuni. Radi ikapiga ng'ambo ya uwanja, mshindo nikausikia kifuani. Tangu siku hiyo silali vizuri. Tulikosea wapi?

Jibu, mzee wa makedi (wabeba fimbo za wachezaji)
Pole sana, mwanangu. Mlikosea kabla ya kufika mtini, pale mlipoisikia ngurumo mkaendelea kupiga. Radi inaweza kushuka hata kilomita 15 kutoka mvua ilipo, kwa hiyo anayesubiri matone amechelewa. Mimi nikiisikia tu, mpira nauacha palepale.

Na mti! Radi ikishuka kwenye shina huruka ikampata aliye karibu, nyingine ikasambaa ardhini hadi nyayoni. Mwaka 1975, kwenye mashindano ya Western Open karibu na Chicago, mcheza gofu Mmarekani Lee Trevino alipigwa na radi akiwa ameegemea mfuko wake wa fimbo. Alipona, lakini mgongo ulimtesa miaka mingi.

Vile vibanda vya wazi vya uwanjani vinazuia mvua tu. Kigari cha gofu nacho hakikingi. Ingieni nyumba yenye kuta kamili, au gari la kawaida lenye paa la chuma, vioo mpandishe. Mkae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena dakika ya 28, anzeni kuhesabu upya. Najua inachosha.

Swali la nyongeza
Shikamoo mzee. Kama ni mashindano na king'ora cha kusimamisha mchezo hakijalia?

Jibu, mzee wa makedi
Marahaba. Ondoka. Kanuni ya 5.7a ya gofu inakuruhusu kusimama mwenyewe ukiona kuna hatari ya radi, ila uiarifu kamati mapema uwezavyo. King'ora kimoja kirefu kikilia, hata kama umeshainua fimbo, ishushe.

Jibu, muuguzi anayecheza gofu
Naongeza moja, maana nimeona watu wakiogopa: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguseni. Asipopumua, mmoja aite msaada, mwingine aanze kumkandamiza kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na asiache hadi msaada ufike. Mahali pakiwa bado pa hatari, mhamisheni kwanza.