Tupeane uzoefu: kuta za vyumba vya chini vilivyochimbwa mlimani, tulizifanyaje hadi watu wakapenda kukaa humo?

Mwanzisha mada, Isamilo

Ndugu zangu wa Mwanza na wa mwambao wote wa ziwa, shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu. Sisi tuliojenga juu ya mawe tunafahamiana: kiwanja kinateremka, fundi anapandisha msingi upande wa chini hadi unazidi kimo cha mtu, na mwisho unajikuta na chumba kizima chini ya sebule, ambacho kuta zake mbili zimeegemea udongo wa mlima na ya tatu ni jabali lenyewe. Wengine wanakiita bezimenti. Nyumbani kwetu tunapaita "kule chini". Kwa miaka tisa palikuwa mahali pa magunia ya mkaa, baiskeli mbovu na ndoo za rangi iliyokauka. Mwaka jana mama yangu mzazi alihamia kwetu, na kwa kuwa magoti hayamruhusu kupanda ngazi, chumba pekee anachoweza kukifikia kwa miguu yake mwenyewe kutoka uani ni hicho.

Sitaki mama yangu alale stoo. Nataka akiamka aone ukuta unaompokea.

Naanza na kosa langu ili wengine wasilirudie. Mwezi wa pili, kwa ushauri wa fundi mmoja, nilipaka kuta zote rangi ya mafuta kwa imani kwamba itazuia maji. Masika yalipokolea, ukuta wa nyuma ulitoka malengelenge makubwa kama kiganja. Nilibonyeza moja kwa kidole. Likapasuka, na maji ya baridi yakanitiririka hadi kwenye kiwiko. Chini ya rangi kulikuwa na unga mweupe, laini kama wa muhogo. Siku ile mama alinikuta nimekaa kwenye ndoo nikiangalia ukuta, akaniambia nisihangaike, yeye amekulia nyumba ya udongo. Maneno hayo yaliniumiza kuliko gharama ya rangi.

Naomba basi tuzungumzie kuta hasa: mlizikausha vipi, mkazipamba kwa vitu gani, na ni kitu gani kilichofanya chumba kiwe na joto la kibinadamu badala ya kuwa shimo lililopakwa rangi.

Fundi rangi, Nyakato

Mama, pole sana, na ninakushukuru kwa kuanza na kosa. Nimepaka kuta za watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na vyumba vya namna hiyo nimevikuta Isamilo, Bugando, Mabatini na Igogo. Rangi ya mafuta juu ya ukuta unaopokea maji kwa nyuma ni sawa na kumvika mtu nailoni akiwa anatoka jasho: maji hayaachi kuja, yanakosa tu pa kutokea, kwa hiyo yanajikusanya nyuma ya rangi na kuisukuma. Huo unga mweupe, ambao wengi hudhani ni ukungu, ni chumvi iliyomo katika saruji, mchanga na udongo. Maji huibeba, na yanapokauka huiacha usoni pa ukuta. Ikwangue ikiwa kavu, kwa brashi ngumu, kisha uizoe na kuitupa nje. Ukiiosha kwa maji, unairudisha ndani ilikotoka.

Kabla hujanunua chochote, fanya kipimo cha nailoni. Kata kipande cha nailoni nzito, kama sentimita 30 kila upande, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha upenyo, na ukiache kwa siku mbili. Unyevu ukionekana upande unaogusa ukuta, maji yanatoka mlimani, na kazi yako ya kwanza iko nje. Ukionekana upande wa chumbani, huo ni mvuke wa pumzi, nguo mbichi na sufuria, na dawa yake ni kupitisha hewa. Kifanye wakati wa mvua, iwe masika au vuli, kwa sababu kipimo cha Julai kitakudanganya.

Kazi ya nje ni mtaro nyuma ya ukuta, unaoshuka chini kidogo ya usawa wa sakafu bila kufukua msingi, ukilazwa bomba lenye matundu na kufunikwa kwa kokoto safi, ili maji ya mlima yakute njia rahisi kuliko ukuta wako. Upande wa jabali hakuna kuchimba. Hapo hujengwa kizingiti kidogo cha saruji juu ya jiwe, kinachokatiza maji na kuyaelekeza pembeni. Tena angalia gata la bati. Zaidi ya mara moja nimeitwa "kutibu ukuta", nikakuta gata limetoboka na linamwaga maji yote ya paa nyuma ya ukuta uleule.

Ndani, ondoa rangi ya mafuta yote, kwa kuwa chokaa haishiki juu yake. Plasta ikibidi kurudiwa, iache siku 28 kabla ya kuigusa. Kisha paka chokaa. Najua vijana wanaiona kitu cha kizamani, lakini kwa ukuta wa chini sijaona mshindani wake: inaacha ukuta upumue, na ukali wake haupendwi na ukungu. Iloweke angalau usiku mzima, ichuje, izimue hadi iwe nyepesi kama maziwa, lowesha ukuta kidogo, kisha paka mikono mitatu au minne myembamba. Ikiwa mbichi inaonekana kama maji matupu, na wateja wengi hunipigia simu jioni wakidhani nimewaibia. Asubuhi wanakuta ukuta umeng'aa. Vaa miwani, kwa maana chokaa inaunguza macho.

Jipsamu, karatasi za ukutani na mabamba ya plastiki yanayogandishwa moja kwa moja, usivisogeze kwenye ukuta huo. Vitaficha maji kwa msimu mmoja, na ukija kuvibandua utakuta ukungu mweusi nyuma yake.

Mkazi wa Kirumba

Niliyonayo si habari ya furaha, ila naamini itamsaidia mtu. Nyumba yetu ya urithi ipo karibu na maji, na marehemu baba alijenga chumba kilichozama kama mita moja ardhini ili kiwe na ubaridi. Mimi nilikigeuza kuwa chumba cha kumbukumbu ya familia: nilipaka rangi ya asali, nikatundika picha zetu zote kwenye fremu za vioo, kuanzia baba akiwa kijana hadi wajukuu.

Mwaka 2020 ziwa lilipojaa kuliko tulivyowahi kuliona, maji hayakuingia kwa mlango. Yalipanda kutoka chini, polepole, na ukuta ukayanyonya kama kitambaa cha utambi. Nilipoenda kuondoa picha, ile ya baba ilikuwa imegandamana na kioo. Niliivuta taratibu sana, na uso wake ukabaki kwenye kioo, karatasi ikatoka nyeupe. Hatukuwa na nakala.

Kwa hiyo naomba sana: picha za asili ziwekeni juu, mahali pakavu, na kule chini mtundike nakala. Fremu nayo isilale ukutani. Gundisheni vipande vya kizibo au mpira kwenye pembe zake za nyuma ili hewa ipite. Na aliye karibu na maji kama mimi ajue kwamba kuna mahali ambapo hakuna pambo wala chokaa itakayoshinda. Chumba kile tulikijaza kifusi.

Mpangaji, Bugando

Mimi ni mpangaji na mwenye nyumba haruhusu misumari, hivyo nitasema machache. Nilifunga mti wa mwanzi kwenye boriti za dari, sentimita tano mbele ya ukuta, nikautundikia vitenge viwili vizito nilivyoviunga. Ukuta mbaya haukuonekana tena, na sauti ya chumba ilibadilika. Zamani ukikohoa kilikuwa kinarudisha mwangwi. Kila Jumamosi navishusha na kuvianika juani.

La pili ni taa. Nilikuwa na balbu moja katikati ya dari, nyeupe ya kubluu, imeandikwa 6500K kwenye boksi. Niliibadilisha kwa mbili za mwanga wa njano, zilizoandikwa 2700K, nikaziweka chini kwenye pembe mbili, zikimulika ukuta badala ya kumulika macho ya watu. Gharama ilikuwa ndogo kuliko kitu kingine chochote nilichofanya mle, na ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa zaidi. Faida nyingine ni kwamba wale wadudu wanaotoka ziwani kama moshi hawazifuati sana taa za njano, kwa hiyo ukuta haupati madoa.

Mwalimu mstaafu, Kisesa

Mwangaluka. Nimesoma habari ya mama aliyekulia nyumba ya udongo, nikaona nisipite kimya, maana katika nchi hii ya Usukuma kupamba ukuta kwa ndani si jambo la kuletwa. Nyumba walimofundwa wanachama wa Bayeye, yaani wataalamu wa nyoka, zilichorwa kutani kwa ndani picha za watu na za nyoka, na michoro hiyo ilikuwa sehemu ya mafunzo yao. Mtafiti Hans Cory aliikusanya na kuichapisha mwaka 1953. Aliye Mwanza anaweza kufika makumbusho ya Bujora hapa Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, akajionea kwa macho yake majengo na vifaa vya Wasukuma kabla ya kukimbilia madukani kununua maua ya kubandika.

Chumba changu cha kusomea kimezama nusu ardhini kwa sababu ya mteremko. Baada ya kupaka chokaa, wajukuu wangu na mimi tulichukua udongo mwekundu wa kichuguu, tukauchekecha kwa kitambaa chepesi, tukaukoroga kwa maji kidogo, na kuchora mkanda unaozunguka chumba usawa wa kifua cha mtu aliyeketi. Siri ni kuchora chokaa ya mwisho ikiwa bado mbichi, kwa sababu inapokauka huushika udongo na kuufanya sehemu yake. Ukisubiri ikauke, rangi itafutika kwa mkono. Mjukuu wa miaka sita alichora samaki anayefanana zaidi na kiatu. Yupo mpaka leo, na kila mgeni humwulizia.

Nimkosoe kidogo yeyote anayefikiri kwamba chumba chenye giza kinahitaji rangi nyeupe kabisa. Panapokosekana mwanga, nyeupe huonekana ya kijivu na huleta ubaridi. Tia udongo kidogo kwenye chokaa, ipate rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, halafu nyeupe tupu uiweke kwenye kingo za dirisha peke yake, ambako itaupokea mwanga na kuurusha ndani.

Mzaliwa wa Bukoba, sasa Capri Point

Shikamoo mwalimu. Mimi naongezea upande wa jabali, kwa kuwa nami ninalo, na mwanzoni nililionea haya hata nikataka lifunikwe kwa plasta. Fundi mzee alinizuia. Nililisugua kwa brashi na maji matupu, nikaacha likauke, na chini yake nikaweka taa ndogo ya njano inayomulika kwenda juu. Usiku kila chembe ya jiwe inaonekana. Watoto wanaliegemea wakisoma.

Ukuta unaolitazama nimetundika lubugo, nguo ya gome la mti wa jamii ya mkuyu, ambayo wazee wetu Wahaya waliivaa na ambayo kwa majirani zetu Waganda ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Rangi yake ni ya kahawia inayoelekea wekundu, na ukiisogelea unaona mistari ya nyundo iliyoipondaponda. Hakuna rangi ya dukani inayotoa joto la namna hiyo. Imetundikwa kwenye mbao za 2 kwa 2 zilizopakwa dawa ya mchwa, juu na chini pakiwa wazi.

Mwanzisha mada, Isamilo

Ndugu zangu, nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilikuwa natenda. Mvua za vuli zimenikuta na nailoni ukutani: vipande vinne, na vitatu vimetoa maji upande wa mlima, kimoja tu ni kikavu. Gata nalo lilikuwa limetoboka, kaka fundi, mahali palepale ulipopataja.

Mtaro umechimbwa na bomba limelazwa. Rangi ya mafuta imebanduliwa yote, na ukuta wa jabali nimeusugua mwenyewe. Ndugu wa Kirumba, pole kwa picha ya mzee. Picha ya harusi ya wazazi wangu nimeipeleka studio ikatolewe nakala, na ya asili inabaki kabatini juu.

Nilimsomea mama maandishi ya mwalimu. Alinyamaza, kisha akasema kwamba nyumba ya mama yake ilikuwa na mkanda wa udongo mweusi chini, karibu na sakafu, uliokuwa unarudiwa kila baada ya mavuno, na kwamba kazi hiyo ilikuwa yake. Jana aliomba apelekwe kwenye mto ulio karibu na shamba la kaka yangu, huko Magu, auchague udongo huo kwa mkono wake. Amerudi nao kwenye ndoo, ameufunika kwa gunia bichi usikauke.

Chokaa nimeiloweka tangu juzi. Tunaanza Jumamosi, yeye akiwa kwenye kigoda na sisi wengine tukipaka juu ya kichwa chake.