Kuseti geini ya amplifaya ya gari: sikio, mita au osiloskopu?

Kipanga_Dar: Wakuu, nina redio yenye RCA (tundu za kutolea sauti kwenda amplifaya) za volti 4, amplifaya ya wati 400 kwenye omu 4, na sabufa ya omu 4, wati 300 RMS (zile inazobeba mfululizo). Ya kabla ya hii iliungua ndani ya wiki tatu. Fundi alizungusha geini mpaka mwisho akasema "hapo sasa inagonga". Nilipoifungua, koili ilikuwa nyeusi tii na waya umeachana na kikombe chake. Safari hii nisete kwa sikio, kwa mita ya volti, au nitafute mwenye osiloskopu, ile skrini inayoonyesha umbo la wimbi?

FundiSaketi: Pole sana mkuu. Geini siyo volyumu jamani! Kazi yake ni kuoanisha volti za redio na amplifaya. Ukizidisha, wimbi linakatwa kichwa na koili inapokea joto isiloweza kulitoa. Mimi natumia mita. Chomoa waya za sabufa, zima besi busti (kiongeza besi), EQ (virekebisha sauti) weka sifuri, volyumu ya redio robo tatu, cheza toni ya Hz 50 ya 0 dB (iliyorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa). Zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili. Chukua 300 za sabufa, achana na zile 400: 300 × 4 ni 1200, kipeuo chake 34.6. Mita ikiwa kwenye AC, pandisha geini taratibu kutoka chini, ikisoma volti 34.6 acha hapo.

BesiNzito: Spika za mlangoni naseti kwa sikio na sijawahi kuunguza. Sauti ya mwimbaji ikianza kukwaruza, narudisha nyuma. Ila kwa sabufa nakubali, sikio linadanganya. Besi iliyokatwa inasikika imenona tu, na mtu anaipenda.

Mawimbi_254: Mita inasoma volti, haioni umbo la wimbi. Redio yenyewe ikiwa inakata, utapata 34.6 yako na wimbi bado chafu. Kwa osiloskopu unaanza kwenye RCA: pandisha volyumu mpaka vilele vianze kuwa bapa, rudi hatua moja, huo ndio mwisho wa redio yako. Kisha ndiyo uhamie kwenye amplifaya. Tumia ile ndogo ya betri. Ya kuchomeka ukutani, klipu yake ya ardhi ikigusa hasi ya spika kwenye amplifaya iliyounganishwa briji (chaneli mbili zikisukuma spika moja), unaweza kuiua amplifaya.

MamaProbox: Kaka, washa injini kabla ya kupima. Betri peke yake ni kama volti 12.6, alteneta ikifanya kazi inafika 14 na kitu. Na kagua waya wa umeme, ukiwa mwembamba amplifaya itaishiwa pumzi mapema.

Kipanga_Dar: Asanteni wakuu. Nimeazima mita, injini inanguruma, 34.6 imefika geini ikiwa haijafika hata nusu! Mgongo wa kiti hautetemeki kama zamani, lakini kila pigo la ngoma nalisikia linapoanza na linapokata. Jumamosi napeleka kwa mwenye osiloskopu anikagulie RCA.