Risiti ya boti SIYO karatasi ya kufungia dagaa!!!

Mwambao Kaskazini:

Wakuu, kikao kimeisha sasa hivi hapa mjini Kigoma na damu bado inachemka. Jina silitaji, wala hakuna haja. Kila asasi kuanzia Kakonko hadi Kalya inamjua. Yule yule mtoa ruzuku za afya ya jamii na vijana, anayeshika kipaza sauti asubuhi akakirudisha jua limezama.

Amechukua marejesho ya masurufu (hesabu ya fedha za kazi walizotanguliziwa) ya asasi moja ya mwambao, akachomoa risiti ya kukodi boti, akainyanyua kwa vidole viwili kama kashika panya aliyeoza, akauliza mbele ya ukumbi mzima: "Hii ni risiti au karatasi ya kufungia dagaa?"

Watu wakacheka. Mhasibu wa asasi hiyo, dada wa watu, yuko kiti cha mbele anatazama sakafu.

Karatasi ya kufungia dagaa! Kigoma! Kwetu!

Boti ile imekwenda Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani na Burundi. Mei 2015 kipindupindu kilipolipuka Kagunga, wakimbizi wa Burundi walitolewa pale kwa meli ya MV Liemba, kwa sababu njia ilikuwa ziwa. Waelimishaji rika, vipimo vya VVU na kondomu vyote vinapita majini. Mwongozo wa huyo bwana unataka risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya TRA, kwa kila shilingi. Haya, petroli inayo, kituo cha mafuta kinatoa. Oili ya kuchanganya, lita 1 kwa petroli lita 50, nayo inayo. Mwenye boti moja ya mbao hana mashine ya EFD na hatakuwa nayo hata mtume malaika. Ndiyo maana analipwa kwa hati ya malipo: jina kamili, namba ya NIDA, simu, tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, sahihi, mhuri wa mtendaji wa kijiji boti ilikotia nanga, na ujumbe wa malipo ya simu umechapwa na kubanwa nyuma. Ile risiti ilikuwa na VYOTE. Imelowa pembeni tu. Imetoka ziwani, ilitakiwa iweje?

Na yeye, badala ya kusoma mhuri, anauliza habari za dagaa.

Mhasibu Kasulu:

Pole kwa huyo dada, hilo si jambo la kumfanyia mtu hadharani. Ila naomba kuuliza: petroli na kukodi boti mmeviweka kasma moja, yaani fungu moja la bajeti? Kama kasma inasomeka "usafiri wa majini" na kiasi kimoja, mkaguzi akikuta risiti ya EFD ya petroli ataidai ya fedha yote. Gawanyeni mara tatu tangu kwenye bajeti: mafuta, kukodi chombo, posho ya nahodha. Kwenye kukodi chombo andikeni kabisa "hati ya malipo, mtoa huduma hana EFD", mfadhili aidhinishe kabla fedha haijatoka. Akishasaini hilo hana pa kurukia.

Pia kateni kodi ya zuio asilimia 5 kwenye huduma, mpeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, cheti chake mbane kwenye hati. Wengi hawakati, na mwisho wa mradi asasi inalipa kodi hiyo kutoka mfukoni, na faini juu.

Mwambao Kaskazini:

Kasma zitagawanywa, mkuu. DAGAA JE? Kuna kasma ya kumrudishia mtu heshima yake?

Ujiji Halisi:

Mkuu, ukurasa mzima kwa ajili ya karatasi? Halafu dagaa wa Kigoma hawafungwi kwenye karatasi, wanajazwa kwenye viroba. Huyo bwana hajui hata dagaa. Wewe ndiye umempa hadhi.

Kibirizi Sokoni:

Kuhusu dagaa, kiroba cha wa kukaanga ni bei gani leo? Nina mteja Dodoma.

Mtu wa Kaliua:

Nyie wa Kigoma mnalia na boti kana kwamba sisi wa Tabora tunapanda lifti. Bodaboda ya kupeleka WAJA (wahudumu wa afya ya jamii) kijijini ina EFD? Haina. Masika yakikata barabara, safari ya kwenda na kurudi inageuka ya siku mbili, na bajeti yake inaruhusu "nauli ya ndani" ya siku moja. Ukiomba kuhamisha fedha kutoka kasma nyingine anajibu mradi ukishafungwa. Mwisho wa siku fedha inarudishwa kwake haijatumika, halafu ripoti yake inasema asasi haina uwezo wa kutumia fedha.

Dada wa Kibondo:

Afadhali risiti, ipo mkononi. Mimi linaloniudhi ni umri wa vijana. Fomu yake inataka 10–14, 15–19 na 20–24. Sera yetu ya vijana ya 2007 inasema 15 hadi 35. Daftari la mahudhurio alilolichapa YEYE MWENYEWE lina vyumba viwili tu: chini ya miaka 18, na 18 kwenda juu. Robo ikiisha anadai mchanganuo wa makundi matatu! Utautoa wapi? Watu wanakaa ofisini usiku wanakisia, na takwimu za kukisia zikikutana na za MTUHA (mfumo wa serikali wa takwimu za afya) kutoka zahanati hazilingani hata kidogo.

Tupeni daftari lake. Andikeni umri wa kila kijana kwa miaka yake, namba tupu. Mfadhili yeyote akija na makundi yake, mnahesabu upya.

Mhasibu Kasulu:

Dada umesema. Na mkataba? Fedha ikizidi milioni 20, mkataba unatakiwa kwa Msajili wa NGOs ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Yeye anasaini Dar, nakala analalia, inafika huku siku zimeisha. Barua ya onyo haiendi kwake.

Ujiji Halisi:

Hapo kwenye mkataba nimekasirika na mimi.

Mtu wa Kaliua:

Na asilimia ya uendeshaji, ile sehemu ya ruzuku ya kuendeshea ofisi? Kanuni za fedha za serikali ya Marekani zilipandisha kutoka 10 hadi 15 kuanzia 1 Oktoba 2024 kwa asasi isiyo na kiwango chake ilichokubaliana na serikali hiyo, na asasi ndogo inayopewa fedha hizo kupitia mfadhili wa kati inahusika. Watu wakaendelea kupewa 5. Kodi ya ofisi, umeme na mlinzi vyote kwenye 5! Januari 2025 Wamarekani wakasimamisha misaada, sasa wakubwa waliokuwa na miradi minono wameshuka kugombea na sisi hizi ruzuku za vijiko.

Kijana Mwanga:

Si mkope ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri? 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba.

Dada wa Kibondo:

Ule ni mkopo wa kikundi cha biashara, mdogo wangu. Unarudishwa. Kupima VVU hakuleti marejesho.

Mwambao Kaskazini:

Wakuu, tunapoteza mada. Alisema karatasi ya kufungia dagaa.

Kibirizi Sokoni:

Bei ya kiroba hamjanijibu.

Kijana Mwanga:

Naomba kuuliza, nani ana mkaguzi wa hesabu aliyesajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi) anayekubali kuja Kigoma bila kudai tiketi ya ndege? Tangazo jipya la ruzuku linataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu.

Mtu wa Kaliua:

Yupo mmoja Tabora mjini, anapanda treni. Ila leteni hati zikiwa zimepangwa kwa mwezi, zikivurugika anaongeza bei. Njoo inboksi.