Jibu: Kuongea Kiingereza na simu kabla ya mtihani wa B1

Dada uliyeuliza kama kuongea Kiingereza na simu kunasaidia kabla ya mtihani wa B1, na ninyi mnaosoma kimyakimya, hamjambo.

Niko Leicester, Uingereza, nahudumia wazee majumbani mwao. Mtihani wa B1, yaani Kiingereza cha kiwango cha kati, nilifanya wa shirika la Trinity, kwa ajili ya makazi ya kudumu. Ni dakika 10 tu, wewe na mtahini. Kwanza mnaongelea mada uliyojichagulia na kuiandaa, halafu anakuuliza mambo ya kawaida: sikukuu, usafiri, muziki. Hakuna kalamu, ni mdomo tu. Ndipo nikaanza kuongea na ChatGPT, ile programu ya akili bandia kwenye simu, kwa sauti, ndani ya gari, nikisubiri saa ya mzee anayefuata.

Niliiambia: jifanye mtahini, uliza swali moja moja, usinisahihishe mpaka niseme basi. Usipoipangia hivyo itakuhutubia wewe ukae unaitikia. Kwa kuondoa aibu sina la kuilaumu. Sisi tuliosoma Kiingereza cha ubaoni tunaandika barua safi, lakini mtu akituuliza njia tunapigwa na bumbuwazi. Simu haikucheki wala haitazami saa.

Shida yake ni kwamba inakuelewa mno. Tulipiga soga miezi miwili, kila siku inanisifu. Asubuhi moja nikamweka bibi mmoja kwenye kiti, nikamuuliza kama yuko comfortable. Nilitamka kama tunavyotamka kwetu, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: komfotebo, na hiyo “te” nimeikandamiza haswa. Bibi akaanza kupapasa fimbo yake ainuke. Alisikia “come for table”, akadhani chakula kiko mezani! Waingereza wenyewe hukazia mwanzo na katikati wanameza: KAMF-ta-bo. Simu yangu haikuwahi kuniambia, kwa sababu ilibahatisha neno kutokana na sentensi nzima.

Kwa hiyo matamshi niliyapima kwingine. Fungua sehemu ya kuandika ujumbe, weka kibodi kwenye Kiingereza, bonyeza kile kipaza sauti kidogo, useme neno moja tu, bila sentensi ya kulibeba. Sema ship, kisha sheep. Full, kisha fool. Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo kwetu maneno hayo ni mapacha. Likiandikwa jingine, rudia. Mimi vegetable ilinichukua wiki.

Na tafadhali, usiitajie ChatGPT majina ya wagonjwa wako wala maradhi yao. Sema “bibi mmoja”, inatosha.

— M., Leicester

*

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Naongezea mtihani wa Marekani, maana huku mambo ni tofauti kidogo. Kwenye usaili wa uraia, kuongea kwako afisa anakupima wakati anakuuliza yaliyomo kwenye fomu yako ya N-400, ile ya kuombea uraia. Kusoma na kuandika ni sentensi fupi, unapewa nafasi hadi tatu upatie moja. Wengi wanakariri historia mpaka wanaota, halafu wanakwama kwenye yale maswali yanayoanza na “Have you ever”. Mtu anaitikia “yes” kwa adabu tu, kumbe amekubali kosa ambalo hajawahi kulitenda.

Mimi niliisomea simu maswali ya fomu, nikaiambia iniulize kwa kuyapindua maneno, iongee haraka, na kila baada ya jibu iulize neno fulani lina maana gani. Siku yenyewe afisa aliniuliza maana ya “claim”. Nilishalijibu mara 20 jikoni. Nilichosahau kufanyia mazoezi ni kusema “sorry, could you repeat that?”, nikakodoa macho tu mpaka yeye mwenyewe akarudia.

— Mzee wa Columbus, Ohio

*

Asante mzee, hilo la kuomba kurudiwa hata mimi nililisahau.

Dada, Jumamosi baada ya saa kumi niko nyumbani. Andaa mada yako, nitakupigia mimi niwe mtahini. Nitakukatiza, na televisheni itakuwa inapiga kelele nyuma.

— M.