Naomba ushauri: mjadala wa daktari kumsaidia mgonjwa kufa

Wakuu, tunaandaa mjadala wa wauguzi hapa Mbeya. Oregon, Marekani, sheria ya kuruhusu jambo hilo ilianza kutumika 1997: mgonjwa awe mtu mzima mwenye akili timamu, madaktari wawili wathibitishe amebakiza miezi 6 au pungufu, na dawa ya kumaliza maisha ainywe mwenyewe. Kwetu, Kanuni ya Adhabu inaharamisha kumsaidia mtu kujiua.

Kinachotuumiza ni hiki: mgonjwa wa saratani kule Makete akiomba kufa, huenda ni maumivu yanayosema. Morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, hupewa kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Dozi ikirukwa maumivu hurudi, na mgonjwa hukata tamaa. Hapo hiari iko wapi?

Je, tuanze na sheria au na morfini? Na viongozi wa dini tuwaalike siku ileile?