Mhusika wangu amekwama Mirihi siku 60: hewa, maji na umeme atavipata wapi?

Kimondo
Wakuu, salaam. Naandika hadithi ndefu ya bunilizi ya kisayansi. Mhusika ni mwanaanga wa kike, kabaki peke yake Mirihi baada ya dhoruba kuangusha roketi ya kuondokea. Ana kibanda kisichovuja hewa, paneli za sola mita za mraba 40, betri, na mashine moja ya kutoa oksijeni kwenye hewa ya Mirihi kama ile MOXIE iliyokwenda na Perseverance, gari la roboti la NASA. Nimemweka ndani ya kasoko ya Jezero kwa sababu ndiko Perseverance ilikotua Februari 2021. Ana viazi mviringo 12 anavyotaka kuvipanda.

Sitaki msomaji anayefuatilia habari za anga anikamate. Dhoruba inaangusha roketi kweli? Mashine moja inamtosha? Maji yatoke wapi? Naomba namba, siyo "inawezekana" tu.

FundiSola
Nianze na dhoruba, haina mambo mengi. Hewa ya Mirihi juu ya ardhi ni nyepesi kama mara 60 kuliko ya kwetu. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, ambao hapa ungeezua mabati, kule unasukuma kama upepo wa mita 4 hapa: majani yanatikisika, basi. Ndiyo kosa maarufu la The Martian, riwaya ya mwanaanga aliyeachwa Mirihi, na mwandishi wake Andy Weir amekiri hadharani kwamba alijua. Ukitaka roketi ilale ubavu, tumia ardhi. Chombo cha Phoenix kilipotua mwaka 2008, moto wa injini zake ulifagia udongo chini ya tumbo lake mpaka barafu ikaonekana. Roketi nzito ikichimbika chini ya mguu mmoja inainama, na msomaji makini ataridhika.

Sasa MOXIE, hapa ndipo hadithi yako ilipo. Hewa ya Mirihi ni hewa ukaa asilimia 95, ila mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya wetu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuivuta kupitia kichujio cha vumbi, kisha kompresa inaibana. Inapashwa joto na kupitishwa kwenye seli 10 za kauri zilizo kwenye nyuzi joto 800. Umeme unang'oa oksijeni kutoka kwenye hewa ukaa, oksijeni inapenya kauri na kutokea upande wa pili, na kabonimonoksaidi inatupwa nje. Kisanduku chenyewe ni cha ukubwa wa betri ya gari, kimepakwa dhahabu nje ili joto lisiunguze vifaa vya jirani. Kuipasha tu kulichukua kama saa mbili kabla ya tone la kwanza la oksijeni, kwa hiyo mhusika wako asiiwashe na kuvuta pumzi papo hapo.

Hesabu yake sasa. Tangu Aprili 2021 hadi Agosti 2023 iliwashwa mara 16 ikatoa gramu 122 kwa jumla. Kilele chake kilikuwa gramu 12 kwa saa. Mtu mmoja anatumia kama gramu 840 kwa siku, yaani 35 kwa saa. Gramu zote 122 ni pumzi za saa tatu na nusu. Akiwa na mashine moja anakufa. Tatu zikiwa kwenye kilele usiku na mchana zinatoa gramu 864, kidogo tu juu ya mahitaji, na kila moja inakula takriban wati 300. Jumla ni uniti 21.6 za umeme kwa siku, uniti zilezile za LUKU. Perseverance yenyewe ina jenereta ya plutoniamu ya wati 110 tu, ndiyo maana MOXIE ilitegemea betri na ikawashwa kwa vipindi.

Ukitaka iharibike kwa njia ya kweli, mfanye mhusika awe na haraka. Kila seli inakwenda kwa kama volti 1. Akipandisha volti ili apate oksijeni zaidi, kabonimonoksaidi nayo inaanza kuvunjika na kuacha masizi ya kaboni ndani ya seli. Masizi yanaziba vinyweleo, mtiririko unapungua, naye anaongeza volti tena akidhani anasaidia. Seli ikishaziba hivyo hairudi.

Mawimbi
Nyongeza fupi: usiweke simu ya video. Ujumbe unachukua dakika 3 hadi 22 kwa upande mmoja, kutegemea Mirihi iko wapi. Na kila baada ya miezi 26 hivi Jua linakaa katikati yetu na Mirihi, na kwa kama wiki mbili wahandisi hawatumi amri kwa vyombo vilivyoko kule. Wiki mbili hizo unaweza kuzitumia vizuri.

Zuhura
Mmesahau hewa anayoitoa. Ndani ya kibanda kilichofungwa, hewa ukaa ya pumzi zake itamuua kabla oksijeni haijaisha. Mtu anatoa karibu kilo 1 kwa siku. Kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa inanaswa na punje za madini ya zeolaiti, kisha punje zinapashwa joto na kufunguliwa kwenye ombwe la nje ili ziachie gesi. Mirihi ujanja huo unagoma nusu, kwa sababu nje kwenyewe kumejaa hewa ukaa, na mgandamizo wake unazidi kiwango unachotaka kibaki ndani. Akifungua vali tu, punje hazisafishiki. Lazima azipashe moto vizuri na kuzivuta kwa pampu. Dalili umpe kwa mpangilio: kichwa kinauma, usingizi, pumzi za haraka, kisha anakosea hesabu rahisi.

MkulimaWaNyota
Viazi havitakusaidia, Kimondo. Vinahitaji siku 90 hadi 120, wewe una 60. Na hata muda ungekuwepo, mtu anayekula viazi pekee anahitaji zaidi ya kilo 3 kwa siku. Kwa mavuno mazuri ya kilo 2.5 kwa mita ya mraba, hilo ni shamba la kama mita za mraba 140. Avile tu. Kama unataka kijani ndani ya hadithi, tumia mboga ya majani: wanaanga walikula saladi nyekundu iliyooteshwa angani Agosti 2015, na ilichukua siku 33 tu.

Udongo nao una sumu. Phoenix ilikuta chumvi iitwayo perkloreti, kama nusu asilimia ya uzito, kwa hiyo kilo 100 za udongo zina karibu nusu kilo. Inazuia tezi ya shingoni kupata madini joto. Habari njema ni kwamba inayeyuka kwenye maji: udongo unaoshwa mara kadhaa na maji yanamwagwa. Ila huwezi kumfanya aoshe udongo na papo hapo ahangaikie maji ya kunywa. Mwoteshee kwenye maji yenye virutubisho, chini ya taa. Weka wati 200 kwa mita ya mraba kwa saa 16: uniti 3.2 kwa siku kwa kitanda kimoja kidogo.

Kimondo
Asanteni sana wakuu, nimefuta sura mbili. Namwondoa Jezero ili apate maji. Je, kuna sehemu yenye barafu ya karibu ambayo si ncha ya kaskazini? Na dhoruba ya vumbi siku ya 20 ikipiga paneli, namba zinakuwaje?

FundiSola
Mpeleke tambarare ya Amazonis Planitia, latitudo 35 kaskazini. Desemba 24, 2021 kimondo kilipiga pale, kikaacha shimo la upana wa mita 150 hivi na kurusha mapande ya barafu juu ya vumbi. InSight, chombo kilichokuwa Mirihi kupima matetemeko, ilisikia tetemeko lake, na picha za kutoka juu zikathibitisha. Barafu ikikaa wazi inageuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Phoenix ilichimba mfereji Juni 2008, ikafichua vipande vyeupe vya ukubwa wa dadu, na siku nne baadaye havikuwepo. Kwa hiyo achimbe asubuhi kukiwa na baridi, atie kwenye chombo na kufunika hapohapo, kisha ayeyushe ndani. Kilo 10 za barafu kutoka nyuzi 60 chini ya sifuri zinahitaji kama uniti 1.3.

Barafu ikipatikana, aachane na MOXIE. Kilo moja ya maji ikipasuliwa kwa umeme inatoa gramu 890 za oksijeni, na kwa mashine ya kawaida inakula uniti 5 hadi 6. Pumzi za siku nzima kwa robo ya umeme wa zile mashine tatu. Haidrojeni itolewe nje kwa bomba lake yenyewe.

Paneli zako 40 anga likiwa safi zihesabie uniti 0.8 kwa mita, jumla 32 kwa siku. Dhoruba ya 2018 iliushusha umeme wa Opportunity, gari la roboti la sola, kutoka zaidi ya watisaa 600 kwa siku hadi takriban 22, na baada ya Juni 10 haikusikika tena. Kwa uwiano huo anabaki na uniti 1 na kidogo. Haitoshi hata kupumua. Dhoruba kama ile ilidumu miezi, kwa hiyo wewe chagua ya eneo dogo, siku kumi hivi, na umpe dalili mapema: uniti za kila siku zinashuka wakati paneli amezifuta. Kitu kimoja kinamsaidia: vumbi linazuia joto lisitoroke, usiku hauwi na baridi kali kama kawaida, na betri hazili umeme mwingi kujipasha.

Kinachomwokoa ni akiba aliyoijaza siku 19 za kwanza. Oksijeni ya siku 30 ni kilo 25, na inaingia kwenye mitungi miwili ya lita 50 ikibanwa mara 200 ya hewa ya kawaida, mitungi ileile ya hospitali na ya mafundi wa kuchomelea. Hapo weka hatari yako: kompresa na vali za oksijeni hazitakiwi kuguswa na grisi hata chembe. Oksijeni iliyobanwa hivyo ikikutana na mafuta inawaka bila kiberiti. Mhusika ametoka kulainisha bawaba za mlango, mikono ina grisi, na mkono mmoja uko njiani kwenda kwenye vali.